MTOTO APEWE POSHO YAKE, AJIFUNZE KUNGOJA



Msimu wa korosho unapoanza, kuna jambo tunaliona sote na sote tunalinyamazia. Mtoto wa miaka minane anakwenda dukani na kopo la korosho. Mwenye duka anazimwaga kwenye gunia lake, anampa barafu mbili na pipi, mtoto anaondoka anaruka-ruka. Korosho zimetoka wapi? Nyingine ameokota, nyingine amechota kwenye gunia la baba yake. Zingewekwa kwenye mizani ya chama zingeleta shilingi ngapi? Hakuna anayeuliza. Maana yake ni kwamba mtoto huyu ameuza kangomba kabla hajajua kuandika jina lake vizuri.

Kangomba tunaijua. Mtu ana shida, anakuja mnunuzi na bakuli lake, anapima kwa bakuli badala ya mizani, anatoa bei ya kutupa, wakati mwingine korosho zenyewe bado ni maua mtini. Serikali imeikataza na chama kinaikataza. Mwaka 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ulifanyika uhakiki ili kumtenganisha mkulima wa kweli na mtu wa kangomba. Pamoja na hayo yote, bakuli halijavunjika. Sisemi kila aliyeuza kangomba ni mpotevu. Mwingine aliuguza, mwingine alifiwa, na shida haina adabu. Lakini tuambizane ukweli, jamani: wapo wengi ambao hawakuuguza wala hawakufiwa. Fedha ya mnada iliingia, ikaliwa, na mwezi wa tano wakawa hawana hata ya palizi.

Sasa mimi nauliza: kungoja na kupanga tulifundishwa na nani, na lini? Shamba tulifundishwa. Tangu wadogo tulipewa kijembe kidogo, tukaonyeshwa mche na gugu. Fedha hatukufundishwa. Sisi tuliokuwa watoto miaka ya 1970 tunaikumbuka senti 20 yenye picha ya mbuni na senti 50 yenye picha ya sungura. Tulizishika kwa sababu tulitumwa chumvi au kiberiti, tukarudisha chenji, basi. Fedha ilikuwa ya wakubwa. Halafu siku moja mtu unaoa, unavuna, unapewa fedha ya mwaka mzima kwa mkupuo, na unatakiwa uwe umekwisha jua jinsi ya kuiendesha. Mbona hatumpi mtoto baiskeli akiwa na miaka 25 tukamwambia panda ukashuke mlima?

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kila mzazi mwenye mtoto wa shule ya msingi ampe mtoto huyo fedha kidogo, iwe yake mwenyewe, kiasi kile kile, siku ile ile ya wiki. Tuiite posho ya mtoto.

Najua wapo watakaosema, "Huyu naye! Sisi wenyewe hatuna, watoto tuwape nini?" Hebu tupige hesabu pamoja. Asubuhi mtoto anapokwenda shule analia, unampa shilingi 200 ya andazi. Siku tano za shule ni shilingi 1,000. Wiki nne ni shilingi 4,000. Kwa hiyo kutoa unatoa. Kasoro ni kwamba unatoa kwa kilio, na mtoto anajifunza kwamba fedha hupatikana kwa kulia. Leo umempa, kesho umemnyima kwa sababu umeamka na hasira, keshokutwa mjomba amepita amempa 500. Mtoto hawezi kupanga kitu asichojua kama kitakuja. Kitu pekee anachoweza kufanya ni kukila upesi kabla hakijaondoka. Je, si ndivyo tunavyofanya na sisi?

Haya, sasa chukua shilingi 1,000 hiyo hiyo. Usiongeze hata senti. Mpe Jumamosi yote, umwambie, "Hii ni ya wiki nzima." Wiki ya kwanza ataimaliza Jumapili. Jumatano atakuja anakutazama kwa macho ya huruma. Ndugu, Jumatano hiyo ndiyo darasa lenyewe. Jumamosi ni mnada wake, na Jumatano ni mwezi wake wa tano. Wiki moja ya mtoto ni mwaka mzima wa mkulima wa korosho. Sisi mkulima akikosea anangoja miezi kumi na miwili ndipo ajaribu tena, lakini mtoto anajaribu tena baada ya siku tatu. Kwa mwaka anayo misimu 52! Hakuna mkulima aliyewahi kupata mafunzo kama hayo, tena kwa gharama ya maandazi.

Asiye na uwezo wa shilingi 1,000 atoe 500, au 200, au 100. Kinachofundisha ni siku isiyobadilika, wingi hauna kazi. Na asiye na sarafu kabisa ampe mtoto kifaranga kimoja kiwe chake, au tuta moja la karanga. Lakini kiwe chake kweli, asiende kukuta siku moja kuku wake yumo chunguni kwa sababu wageni wamefika.

Sasa nieleze masharti, maana jambo hili likifanywa ovyo litaharibu badala ya kujenga.

Kwanza, zikiisha zimeisha. Usimwongeze. Chakula cha nyumbani atakula, shuleni atakwenda, lakini andazi la Jumatano asipate. Ukimwongeza mara moja tu, umemfundisha kukopa mazao yakiwa shambani.

Pili, usimlipe kwa kazi za nyumbani. Kuteka maji, kufagia uwanja, kumbeba mdogo wake, hizo ni kazi za jamaa, na katika jamaa hatuuziani jasho. Ukianza kumlipa, siku utakapokuwa huna fedha utalala na kiu. Posho anapewa kwa sababu ni mwanafunzi wa fedha, kama anavyopewa daftari kwa sababu ni mwanafunzi wa hesabu.

Tatu, binti na mvulana wapewe sawasawa. Hapa naomba tusikilizane kwa makini. Kuna nyumba ambamo mvulana anapewa hela kwa kuwa "ni mwanamume atajitegemea," na binti anaambiwa atapewa na mumewe. Binti huyo anakua hajawahi kushika shilingi yake. Akifika miaka 13 au 14 anatokea mtu wa pikipiki, anamnunulia chipsi na soda, na mtoto anaona ajabu kubwa, mtu amempa kitu! Soda ya shilingi mia kadhaa inamwachisha shule. Ninaloamini mimi ni kwamba binti aliyezoea kuwa na kidogo chake, na anayejua kwamba Jumamosi inakuja, hashangazwi na soda ya mtu. Posho peke yake si kinga kamili, na aliyemharibu mtoto ashughulikiwe kisheria. Lakini tusimwache binti na kiu halafu tumlaumu kwa kunywa.

Nne, kibubu cha mtoto kiheshimiwe. Hili ni letu sisi wakubwa. Mtoto anaweka sarafu zake miezi sita, usiku mmoja baba anakigeuza kibubu juu chini anatoa kwa kijiti, "nitarudisha." Harudishi. Mtoto hasemi kitu, kwa sababu hawezi kumdai baba yake, lakini moyoni ameandika kwamba akiba ni ya kuibiwa, bora kula. Na tukiwa wakweli, hivi ndivyo chama hufa: mtu anaweka, mwingine anachota, hakuna anayeuliza. Ukilazimika kukopa kwa mtoto, mwombe, andika, na siku uliyosema irudishe. Mtoto aliyelipwa deni na baba yake hatasahau mpaka uzee.

Tano, pawe na daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tuliojifunza kuandika ukubwani, kwenye kisomo, tunajua uzito wa maneno haya, maana tunakumbuka jinsi ilivyo kutia dole gumba kwenye karatasi usiyojua imeandikwa nini. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuchora mstari katikati ya ukurasa: upande huu zilizoingia, upande huu zilizotoka. Jumamosi, kabla ya kupokea mpya, asome kwa sauti za wiki iliyopita. Usimgombeze kwa alichonunua. Asome tu. Akisikia mwenyewe "pipi, pipi, barafu, pipi," atajirekebisha. Na kama mzazi hajui kusoma, hapo ndipo mtoto atakapomfundisha, faida ikawa mara mbili.

Nimesikia hoja nyingine kwamba kumpa mtoto pesa ni kumfundisha kupenda pesa. Hoja hii ni ya heshima, maana hakuna mzazi anayetaka mtoto mroho. Lakini tazameni hali ilivyo leo. Mtoto hakingojei kibali chetu ili akutane na fedha. Zipo mashine za kamari zinazomeza sarafu ya shilingi 200, na watoto wamezizunguka kama nzi, ingawa sheria inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari. Fedha yenyewe nayo imejificha. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoingia nchini, M-Pesa ikianza mwaka 2008, mtoto anamwona mama anabonyeza namba, sukari inakuja. Haoni fedha ikipungua. Kwake simu ni kisima kisichokauka, na akinyimwa anadhani ni ukatili tu. Ndiyo maana nasema posho itolewe kwa sarafu, azihesabu mkononi, azione zikipungua. Mroho ni yule asiyejua kipimo, na kipimo hufundishwa kwa kidogo.

Watu wengine hudhani mambo ya visarafu ni ya kitoto, hayana uhusiano na ushirika. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, wafanyakazi 28, wakiwemo wafumaji wa nguo, walifungua duka lao la ushirika, ambalo vyama vingi duniani hulihesabu kuwa mfano wao. Mtaji wao ulikuwa pauni 28. Hawakuwa matajiri. Walichanga peni chache kila wiki mpaka zikatimia, na sharti lao mojawapo lilikuwa kuuza kwa fedha taslimu, bila mkopo. Angalieni mambo hayo matatu: kidogo, kila wiki, bila kukopa. Ni masharti yale yale ninayoyataka kwa mtoto wa darasa la pili. Mtu anayeyashika akiwa mdogo, chama kitakapomwita akiwa mkubwa hakitakuwa na kazi ya kumwelimisha upya.

Tena, tangu stakabadhi ghalani ianze kutumika katika korosho mwaka 2007, utaratibu wetu wote umesimama juu ya kungoja. Unapeleka korosho, unapewa karatasi, unangoja mnada, unangoja malipo. Mara nyingine malipo yanachelewa na tunanung'unika, na kunung'unika huko ni haki yetu. Lakini mkulima asiyeweza kungoja hata siku kumi, utaratibu wowote uwekwe, mizani yoyote iletwe, bakuli litamkuta. Samaki mkunje angali mbichi.

Basi, ndugu zangu, naomba mambo matatu tuyafikirie na tuyaseme kwenye mkutano wetu ujao.

La kwanza, wenye maduka wakubaliane kutopokea korosho mkononi mwa mtoto, hata iwe kopo moja. Mtoto akija na kopo, arudishwe kwa mzazi wake. Kama ni zake za kuokota, mzazi amsaidie kuziweka mpaka ziende kwenye mizani pamoja na za nyumbani, na fedha yake apewe ikiwa imehesabiwa.

La pili, walimu wa shule yetu watusaidie kuwaonyesha watoto daftari la zilizoingia na zilizotoka katika somo la hesabu. Gharama yake ni mstari mmoja wa rula.

La tatu, sisi wazazi tuanze na malipo ya kwanza ya msimu huu. Siku fedha inapoingia, kabla haijaanza kupungua, badilisha kidogo iwe sarafu, weka kwenye kopo lenye mfuniko, iwe posho ya watoto mpaka mwisho wa palizi. Kwa mtoto mmoja wa shilingi 500 kwa wiki, kuanzia Novemba mpaka mwisho wa Julai, ni kama wiki 39, yaani shilingi 19,500. Ukiona kopo hilo limekushinda kulilinda, ukaona mkono wako unalinyemelea Februari, basi ujue na wewe ni mwanafunzi, ukae na mwanao mjifunze pamoja. Si aibu. Wengi wetu herufi tulizipata ukubwani, na leo tunasoma ubao huu.