Picha Haitazamwi Kimya

Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na kiwanda cha filamu Vugiri, upande wa kusini wa Usambara, kule milima inapoitazama Korogwe. Nasema kiwanda, si banda la kuonyeshea. Picha zilipigwa, filamu zikasafishwa, sauti zikarekodiwa, na Waafrika wakafundishwa kazi hizo. Mradi wenyewe uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Uliasisiwa chini ya International Missionary Council, fedha zikatoka Carnegie Corporation ya New York, Meja L. A. Notcutt akasimamia utengenezaji, G. C. Latham upande wa elimu. Kwa miaka miwili hivi zilitoka filamu fupi 35: safura, malaria ya watoto, kodi, chai, akiba ya posta. Kisha serikali za kikoloni zikakataa kuubeba mzigo huo, na mambo yakaishia hapo. Filamu chache mno zimesalia, nazo ziko Uingereza.

Mtoto wa Lushoto, katika milima hiyohiyo ya Usambara, anaweza kumaliza kidato cha sita akijua Hollywood iko wapi na Bollywood ni nini, asisikie hata siku moja kwamba filamu zilitengenezwa Vugiri. Hilo linaudhi, lakini silo lililonifanya nianze na Vugiri. Nimeanza huko kwa sababu ya santuri. Filamu zile zilikuwa bubu. Maelezo yake yalirekodiwa kwenye santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine kadhaa, zikapigwa pembeni huku picha ikienda. Basi mtazamaji aliyeketi chini mbele ya kitambaa cheupe alikuwa na vitu viwili mbele yake: picha, na mtu asiyeonekana anayemweleza picha ile ina maana gani.

Kazi ya kueleza picha haijawahi kukoma tangu hapo. Imebadili mikono tu. Toleo hili linahusu mikono iliyoishika sasa.

Kurasa zinazofuata zimejaa mazungumzo ya marafiki wa Lushoto na wageni wao, waliokaa jioni baada ya jioni wakirekodi podikasti kuhusu filamu za mwongozaji Amil Shivji. (Podikasti yenyewe wameibadilisha jina mara kadhaa na bado wanabishana, kwa hiyo silitaji.) Chumba chao kiko juu ya duka la pembejeo, si mbali na soko. Vifaa ni simu moja iliyolazwa juu ya kamusi, na shuka lililotundikwa dirishani kupunguza kelele za bodaboda. Mvua ya Lushoto haina ratiba ya studio. Ikianza kupiga bati, simu inarekodi bati. Wanazima, wanamimina chai, na mara nyingi maneno makali kuliko yote husemwa wakati huohuo ambapo hakuna kinachorekodiwa. Tulipowaomba maandishi ya mazungumzo hayo, walituletea na yale ya wakati wa mvua, waliyoyakumbuka na kukubaliana kwamba ndivyo yalivyosemwa. Tumeyachapa kwa herufi za mlalo.

Kuna watakaouliza porojo za vijana zinatafuta nini katika jarida la uhakiki. Swali hilo tumeshalisikia hata ndani ya bodi yetu. Jibu langu ni kwamba katika nchi hii uhakiki wa filamu kwa sehemu kubwa umefanywa kwa mdomo, tena papo kwa papo, na sisi wenye magazeti na vyuo ndio tuliochelewa kuutambua. Laura Fair, mwanahistoria aliyeandika kwa kirefu juu ya majumba ya sinema ya Zanzibar na Tanganyika, anaonyesha jinsi picha za Kihindi za miaka ya 1950 zilivyoendelea kuishi barazani baada ya taa kuwashwa. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, watu waliitoa ukumbini wakaenda nayo nyumbani. Waliijadili kama kesi: mtoto ana kosa gani kwa dhambi za baba? Hakimu amhukumu nani? Hakuna aliyewaita wahakiki. Walikuwa wanakunywa kahawa.

Baadaye yakaja mabanda ya video, yale tunayoyaita vibanda umiza, na ndani yake akaja mtu wa ajabu. Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alichukua filamu za Hong Kong na Marekani akazisimulia upya kwa Kiswahili, sauti yake ikipanda juu ya sauti za waigizaji. Kuita kazi hiyo tafsiri ni kuipunja. Alieleza, alitania, alikemea, alimwonya steringi kwamba adui yuko nyuma ya mlango, na alipoona jambo la kigeni mno alilipatia jirani yake wa Dar es Salaam. Kenya wakampata DJ Afro, Uganda wakawa na VJ Jingo na wenzake. Wasomi walikuja kuandika habari zao wakati watazamaji walishawaelewa zamani. Kwa watazamaji hao, picha isiyo na msemaji ilikuwa nusu picha.

Sasa linganisha na santuri ya Vugiri. Ile nayo ilikuwa sauti juu ya picha, lakini ilisema upande mmoja tu. Notcutt na Latham walitaka sana kujua watazamaji wanasema nini, na kitabu chao cha mwaka 1937, The African and the Cinema, ni ushahidi wa hamu hiyo. Ila walitaka kujua kama somo limeingia. Katika hesabu ya namna hiyo, mtu anayecheka pasipotarajiwa huhesabiwa hajaelewa. Huenda ameelewa kupita kiasi. Watu wa milima hii si wepesi wa kuonyeshwa jambo wakanyamaza. Serikali ya kikoloni ilipowalazimisha kulima matuta kuzuia mmomonyoko wa udongo, walibisha mpaka katika miaka ya 1950 mpango wote ukaachwa. Siamini kwamba wazazi wa watu hao waliketi mbele ya filamu ya kodi wakitikisa vichwa tu.

Kwa nini basi Amil Shivji, na si mtu mwenye mashabiki wengi zaidi? Vijana wenyewe walimchagua, nami nadhani walichagua vizuri. Kwanza, filamu zake zinatosha kuzungumzwa kama kazi ya mtu mmoja: Shoeshine ya 2013, Samaki Mchangani ya 2014, T-Junction iliyofungua Tamasha la Filamu la Zanzibar mwaka 2017, na Vuta N'kuvute iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021, kisha ikapelekwa kuiwakilisha Tanzania kwenye Oscar, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, zaidi ya miaka ishirini nyuma. Pili, kampuni yake inaitwa Kijiweni, na mtu aliyeipa kazi yake jina hilo hawezi kulalamika watu wakikaa kijiweni kumjadili.

Sababu ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi. Sisi hatuna mazoea ya kumjadili mwongozaji. Tunamjadili mwigizaji. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, watu walifurika Leaders Club kumuaga kwa machozi ya kweli, na walistahili kulia. Lakini mwulize mpenzi wa kawaida wa bongo muvi nani aliongoza filamu anayoipenda kuliko zote, na atakutajia aliyecheza. Hata Raj Kapoor, wazee wetu walimjua kwa kuwa uso wake ulikuwa mle ndani ya picha. Asingecheza, sidhani kama jina lake lingepanda mpaka huku milimani. Matokeo yake, filamu mbaya tunamlaumu msichana aliyelia vibaya, na filamu nzuri tunamsifu aliyependeza. Nani aliamua kamera ikae pale? Nani alikata maongezi yale katikati? Maswali hayo hayaulizwi, na waongozaji wavivu wananeemeka.

Podikasti ya Lushoto ilijifunza hilo kwa shida. Kipindi cha kwanza, ambacho tumekifupisha sana, ni sifa za mavazi. Kipindi cha T-Junction ndicho kinachobadilika. Kwa ambao hawajaiona: Fatima amefiwa na baba ambaye hakuwa karibu naye, hospitalini anakutana na Maria, na Maria anamsimulia maisha ya watu wa njia panda, wachuuzi na majirani waliojijengea udugu barabarani. Kijana mmoja, fundi simu, aliyekulia kwenye kibanda umiza cha Soni, anakatiza maongezi kwa swali ambalo wenzake walikuwa wanaona haya kuliuliza:

"Samahani, Mwalimu. Steringi hapa nani? Maana Maria ndiye mwenye stori, lakini kamera inamng'ang'ania Fatima, na Fatima hafanyi kitu."

Mwalimu, mstaafu aliyefundisha Kiswahili miaka mingi na ambaye kikundi kizima kinamwamkia kabla ya kuwasha simu, hakujibu mara moja. Unaposoma ukurasa huo utaona tumeandika "kimya." Kisha akasema kwamba Fatima anafanya kitu kimoja tangu mwanzo: anasikiliza. Anajifunza kusikiliza, na filamu inamfuata katika kujifunza huko kama filamu nyingine zinavyomfuata steringi anayejifunza kupigana. Fundi simu hakuridhika. Alisema mtu wa kusikiliza tu hawezi kubeba picha ya saa nzima, na kwamba mwongozaji alimwogopa Maria. Dada mwenye laibrari ya muvi, anayewawekea watu filamu kwenye flashi pale stendi, akasema wateja wake wangeirudisha wakidai imeharibika.

Mimi niko na Mwalimu katika hili, lakini hoja ya fundi simu ndiyo nzito zaidi kwa mtu anayetengeneza filamu. Anachosema ni kwamba ukimweka msikilizaji katikati ya picha, lazima utuonyeshe kusikiliza kunamgharimu nini. Nimesoma maandiko ya kitaalamu yaliyozunguka kurasa nyingi bila kulisema hilo kwa ukali ule.

Vuta N'kuvute ilileta ugomvi wa aina nyingine. Riwaya ya Adam Shafi inasomwa kidato cha tano na sita, kwa hiyo kila aliyepita huko ana Yasmini wake kichwani, yule binti aliyeozwa kwa mzee Raza, akatoroka, akapata hifadhi kwa Mwajuma na mapenzi kwa Denge mpigania uhuru. Mwalimu alikuja na orodha ya yaliyoachwa. Kitabu kinene kimetiwa katika muda wa kama saa moja na nusu, na alitaka maelezo. Dada wa laibrari alimjibu kwa adabu zote, lakini alimjibu: "Mwalimu, shikamoo yako iko palepale, ila filamu si majibu ya mtihani." Hapo wakaanza kuzungumza kazi ya mwongozaji kwelikweli: kwa nini Mwajuma wa Siti Amina anaimba mahali ambapo kitabu kingeeleza, kwa nini mapenzi ya Yasmini na Denge yanatazamwa kwa umbali ule, kama ukimya wa picha unaisaidia siasa ya riwaya au unaipoza. Hawakukubaliana, nasi hatukuwapatanisha.

Kuna aibu moja ambayo mazungumzo haya hayaifichi, na mimi sitaifunika. Lushoto haina jumba la sinema. Baadhi ya wageni walioalikwa kuzungumza walikuwa wamesikia habari za filamu kuliko walivyoziona. Wengine waliona vipande kwenye simu, bando likakata katikati. Filamu iliyofika Toronto inachukua muda mrefu zaidi kupanda kutoka Mombo mpaka Lushoto. Wapo watakaosema mtu asiyeiona filamu anyamaze, na kwa kawaida ningekubali. Lakini nikikubali hapa, nitakuwa nimewaachia mjadala watu wa Dar es Salaam na wa matamasha ya nje, na nitakuwa nimemlaumu mtazamaji kwa kosa la msambazaji. Tulichofanya ni kuweka alama kando ya jina la kila msemaji inayoonyesha ameona filamu ipi nzima, ipi kipande, ipi hakuiona kabisa. Alama hizo zenyewe ni taarifa juu ya hali ya filamu nchini, na ningependa wanaogawa fedha za sanaa wazisome kabla ya kusoma makala.

Mwongozaji hakualikwa kwenye kipindi hata kimoja. Lilikuwa shauri la vijana, na nililipinga mwanzoni, kwa sababu mhariri hupenda jina kubwa kwenye jalada. Hoja yao ilinishinda: akiwepo, kila mtu atageuka kumwuliza alimaanisha nini, na simu juu ya kamusi itakuwa santuri nyingine. Akitaka kujibu, kurasa za toleo lijalo ziko wazi.

Kwa toleo hilo wamekwisha kuchagua Muhogo Mchungu, ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 ambayo nyota wake alikuwa Rashidi Kawawa, kabla hajawa Waziri Mkuu. Hakuna hata mmoja wao aliyeiona. Wameanza kuulizia Mlalo na Bumbuli kama bado yupo mzee au bibi aliyewahi kuiona, na wameniomba nauli.