Usicheke mkulima kama wewe unatibu mafua kwa antibiotiki
Huku kwetu chai huleta pesa, lakini ugali ni mahindi. Septemba 2011, mahindi ya Longisa, Bomet, yalianza kukauka kabla ya kukomaa. Ugonjwa huo, MLN, huletwa na virusi viwili vikikutana kwenye mmea mmoja. Dawa ya kuvu haiviui, hata umwage pampu ngapi. Kinachosaidia ni kung'oa mimea iliyougua na kupanda viazi au maharagwe msimu unaofuata.

Wewe wa Kericho mjini unacheka? Ukishikwa na mafua unakimbilia kemisti kuitisha antibiotiki. Hayo pia ni virusi, na antibiotiki ni ya bakteria! Sayansi tuliikariri tupate maksi, tukaiacha kwa karatasi ya mtihani. Kabla hujatoa pesa, uliza: hii dawa inaua nini?