Desemba Yetu Haina Theluji

Hivi majuzi, katika shule moja ya eneo la Navakholo, mwalimu alinionyesha insha za wanafunzi wake kuhusu Krismasi. Iliyotuzwa alama za juu ilisimulia theluji iliyotanda mapaani na watu waliojikunyata mekoni. Iliyoambulia alama hafifu ilieleza jua kali, mahindi yaliyoanikwa uani, na jamaa wakishuka basini kutoka Nairobi. Ya kwanza, nikaambiwa, ina ubunifu. Nami nauliza: je, kuona kwa macho ya mtu mwingine ndiko kubuni?

Sina ugomvi na theluji. Huko kaskazini mwa dunia, usiku mrefu kuliko wote huangukia tarehe 21 au 22 Desemba. Waswidi huwasha mishumaa sikukuu ya Mtakatifu Lusia, Desemba 13. Wairani hukesha usiku wa Yalda. Wayahudi huwasha taa kwa siku 8 za Hanuka. Kila sikukuu ina kisa chake, lakini penye giza refu taa huwa na maana ya ziada. Navakholo, iliyo karibu na Ikweta, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima.

Lugha yetu ililitambua jambo hili zamani. Pepo za kaskazi, zivumazo pwani tangu Desemba, ni pepo za joto. Kipupwe, msimu wa baridi, huja kati ya Juni na Agosti. Anayefasiri baridi ya Ulaya kuwa kipupwe, kisha akakiweka Desemba, amempotosha mwanafunzi mara mbili: katika msamiati na katika jiografia.

Wala sikukuu hazifungwi na majira. Biblia haitaji tarehe ya kuzaliwa kwa Yesu. Kanisa la Roma lilikuwa likiadhimisha Desemba 25 kufikia karne ya 4, ilhali Waorthodoksi wa Ethiopia husherehekea Januari 7. Majirani zetu wa Mumias, ambako Uislamu ulikita mizizi enzi za Nabongo Mumia, hufuata mwezi mwandamo. Mwaka wao ni mfupi kwa takriban siku 11, hivyo Idd-ul-Fitr huzunguka majira yote. Mwaka 2000 iliadhimishwa Januari, kisha tena Desemba.

Haya ndiyo yafaayo kufundishwa: kwamba kila umma huadhimisha imani yake chini ya anga lake. Mwanafunzi wa Navakholo na asome juu ya theluji, aijue, hata aitamani. Lakini akiambiwa aandike juu ya sikukuu yake, asiadhibiwe kwa kusema kweli. Mtoto anayefunzwa kwamba kwao hakuna cha kuandikwa, kesho ataamini kwamba kwao hakuna cha kujengwa.

Walimu wenzangu, kalamu nyekundu imo mikononi mwetu. Wahenga walituasa: usiache mbachao kwa msala upitao.