Mgonjwa wa Akili Hajui Mpaka wa Halmashauri

Yapo maradhi ambayo jamaa huyatangaza, na yapo ambayo huyafungia chumbani. Mtu akivunjika mguu, mtaa mzima hupita kumjulia hali. Akianza kusikia sauti ambazo wenzake hawazisikii, jamaa hushusha pazia, na aghalabu husubiri miezi mingi kabla ya kumpeleka hospitali. Juu ya aibu hiyo mengi yamekwisha kusemwa. Leo twataka kuzungumza nawe juu ya jambo ambalo halisemwi sana, nalo ni fedha: nani alipie matunzo ya mgonjwa huyo, na nani ayaendeshe.

Tuchukue mfano wa Kirua Vunjo, katika mteremko wa Kilimanjaro, baina ya Old Moshi na Kilema. Juu kuna vihamba vya migomba na kahawa. Chini kabisa, kwenye joto, iko Uchira, kando ya barabara kuu iendayo Himo. Kijana wa huko hukua kwenye kihamba cha wazazi wake, hushuka Moshi mjini kutafuta kazi, na akiugua akili hurudishwa kwa mama yake. Alipokuwa mjini alikuwa mkazi wa Manispaa ya Moshi. Kwa mama yake ni mkazi wa Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Akiondoka usiku kwenda kwa dada yake aliyeolewa Rombo, amekwisha kuwa mtu wa halmashauri ya tatu. Ugonjwa ni ule ule na vidonge ni vile vile, lakini kila afikapo huanza upya: daftari jipya, maswali mapya, na pengine kuelezwa kwamba dawa zimekwisha.

Zamani jibu lilikuwa kumpeleka mgonjwa mbali. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1927, na ile ya Lutindi, huko Korogwe, ni ya tangu wakati wa Wajerumani. Hospitali hizo zimefanya kazi kubwa, wala hatuzidharau hata kidogo. Lakini kutoka Kirua hadi Dodoma ni safari ya siku nzima. Mama hawezi kwenda kumtazama mwanawe kila mwezi, na mwana akirudi nyumbani hali yake ikiwa nzuri, kazi ya kumwendeleza huangukia zahanati ya kijiji.

Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1980 Serikali yetu, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na shirika la misaada la Denmark, DANIDA, ilipofanya majaribio katika mikoa miwili tu: Morogoro na Kilimanjaro. Shabaha ilikuwa kuwafundisha watumishi wa zahanati na vituo vya afya namna ya kutambua na kutibu maradhi makubwa ya akili pamoja na kifafa, kwa dawa chache za bei nafuu, karibu na nyumbani kwa mgonjwa. Kwa hiyo mtu wa Kilimanjaro asiambiwe kwamba jambo hili ni geni au ni ndoto. Lilianzia kwake. Ila msaada wa mfadhili una tarehe ya kwisha, na kifafa hakina. Utafiti uliofanywa mwaka 2009 katika wilaya jirani ya Hai ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wenye kifafa hawakuwa kwenye matibabu, ingawa fenobabitoni, dawa ya kale ya maradhi hayo, ni miongoni mwa dawa rahisi kabisa. (Pombe nayo ina sehemu yake katika maradhi ya akili huko mlimani, lakini mbege ina mazungumzo yake marefu, nasi tutayaweka Jumapili nyingine.)

Tangu Serikali za Mitaa ziliporudishwa kwa sheria za mwaka 1982, mzigo wa zahanati umekuwa juu ya halmashauri. Kila moja huandika mpango wake wa afya wa mwaka na kugawa fungu lake. Katika kugawa huko chanjo ina watetezi, malaria ina watetezi, uzazi una watetezi, na ni haki yao. Mgonjwa wa akili hana mtetezi kikaoni, kwa sababu jamaa zake wameona haya kwenda.

Mkoa wa Kilimanjaro una halmashauri saba: Manispaa ya Moshi, Wilaya ya Moshi, Hai, Siha, Rombo, Mwanga na Same. Si kila moja iwezayo kuwa na bingwa wake wa maradhi ya akili, maana mabingwa hao ni wachache mno nchini kote. Lakini je, saba haziwezi kuchangia gari moja, wauguzi wa akili wa kuzunguka zahanati kwa zamu, akiba moja ya dawa, na kadi moja itakayotambuliwa Uchira sawasawa na Rombo? Hospitali ya Mawenzi na KCMC zipo pale Moshi, na mwongozo wa kitaalamu waweza kutoka huko.

Hapana shaka diwani mmoja atasimama aulize kwa nini fedha za watu wake zimtibu mtu wa wilaya nyingine. Swali hilo si la kubezwa, lakini wazee wa mlimani walikwisha kulijibu kwa majembe. Mifongo waliyoichimba ilichukua maji kutoka bondeni juu, ikapita kihamba cha huyu na cha yule, na kila aliyekunywa alikuwa na siku yake ya kwenda kuzibua. Aliyekwepa kazi alijulikana, na maji aliyakosa.

Tena mfano wa karibu upo. Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoboreshwa mwaka 2018, michango ya wananchi ilianza kuunganishwa katika ngazi ya mkoa, badala ya kila halmashauri kukaa na kisanduku chake. Kaya ya watu sita mikoani ilitoa shilingi 30,000 kwa mwaka, na mwanachama akaweza kupanda kutoka zahanati hadi hospitali ya mkoa. Hata California, jimbo tajiri la Marekani, ambako kura ya mwaka 2004 ilitoza kodi ya asilimia moja kwa mapato yanayozidi dola milioni moja ili kugharimia afya ya akili, serikali za mitaa ziliona hazitoshi kila moja peke yake. Mwaka 2009 ziliunda chombo cha pamoja cha kuendesha baadhi ya shughuli hizo.

Twajua ugumu utakuwa wapi. Halmashauri moja itachelewesha mchango, nyingine itataka gari lilale kwake, na muuguzi hatajua mkubwa wake ni nani. Kwa hiyo yafaa mchango upimwe kwa idadi ya watu, uandikwe waziwazi katika bajeti ya kila halmashauri, muuguzi awe na mkuu mmoja tu, na hesabu isomwe mbele ya madiwani wa pande zote.

Wewe mfanyakazi uliyeko Dar es Salaam, Tanga au Arusha, ambaye mwezi Desemba hupanda basi kurudi mlimani, umefika wakati wake. Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai 1, na mapendekezo ya bajeti hujadiliwa katika miezi ya mwanzo ya mwaka. Krismasi diwani wako naye yupo nyumbani. Mwulize ni shilingi ngapi zimetengwa kwa afya ya akili katika kata yenu, na kama amepata kukaa meza moja na wenzake wa Manispaa kulizungumza jambo hilo. Na kama kwenu yupo wa chumbani, mtaje kwa jina lake unapouliza.