Mvuke Usioonekana

Ndugu msomaji, moshi wa lori la dizeli liendalo Geita kutoka Kahama huuona, ukafunga dirisha. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Mchimbaji mdogo achomapo zebaki iliyoshikana na dhahabu, mvuke huo huingia mapafuni mwa wote waliopo, ukadhuru ubongo na figo. Hata mtoto aliye tumboni huweza kudhurika. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka uchomaji wa wazi na ule wa kwenye makazi ukomeshwe. Basi, ndugu, usiilete kazi hiyo jikoni. Vipo vyombo vya kunasa mvuke, na zebaki hutumika tena. Dhahabu hununuliwa, akili ya mtoto hainunuliwi.