Meza ya Mgeni na Chupa Tunayoiweka Juu Yake



Wapendwa taifa la Mungu, tafakari yetu ya juma hili yagusa jambo linaloonekana dogo: kinywaji tunachomwandalia mgeni. Sherehe ni nyingi katika familia zetu. Kuna Ubatizo, Komunyo ya Kwanza, Kipaimara, ndoa na jubilei. Na ifikapo Desemba, barabara ya kwenda Moshi hujaa wana wa Kilimanjaro wanaorudi kula Noeli pamoja na wazee wao. Katika kila mkusanyiko wa namna hiyo swali la kinywaji huulizwa mapema, mara nyingine kabla ya swali la Misa. Ni swali jema, mradi tuliulize vizuri. Maoni yetu ni haya: mwenyeji Mkristo huchagua kinywaji kwa kumtazama mgeni wake, na meza isiyo na kinywaji cha heshima kwa asiyetumia pombe haijakamilika, hata chupa zilizopo ziwe za bei ya juu namna gani.

Kanisa Katoliki halifundishi kwamba pombe ni haramu. Bwana wetu alihudhuria arusi kule Kana ya Galilaya, na ishara yake ya kwanza ilikuwa divai, tena divai bora. Mabalasi yale sita ya mawe, kila moja likichukua lita kati ya 80 na 120 hivi, hutajwa sana na ndugu zetu wapenda chupa. Lakini tumtazame pia Mama Maria katika arusi ile. Yeye ndiye aliyetambua kwamba kuna kitu kimepungua mezani, akalishughulikia jambo hilo kwa utulivu ili wenyeji wasiaibike. Macho yale ya Mama ndiyo tunayoyahitaji tunapoandaa karamu. Leo kinachopungua katika sherehe nyingi si pombe. Kinachopungua ni nafasi ya mgeni asiyeinywa.

Wazee wetu waliujua vema utaratibu wa vinywaji. Mbege ya Wachaga hutengenezwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa na kimea cha ulezi, na gome la msesewe hutiwa ili kuipa uchungu wake. Ni kazi ya siku kadhaa, na hunywewa kwa kata, watu wakiwa wameketi pamoja. Huko Iringa na Njombe hugemwa ulanzi kutoka kwenye mianzi michanga wakati wa mvua. Pwani hugemwa tembo la mnazi, ambalo likiwa bichi huwa tamu, na kadiri saa zinavyopita huchachuka na kuwa kali. Dodoma nayo huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na divai yake yafaa kabisa kuwekwa mbele ya mgeni kutoka mbali. Anayemkaribisha mgeni kwa kinywaji cha kwao humpa pia historia ya kwao. Hatuoni sababu ya kuona haya kwa mbege safi na kukopa fedha ili tununue chupa ya kigeni kwa ajili ya kuonekana.

Hata hivyo, mwenyeji anapaswa kujua anachomimina. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5, glasi ya divai ya mililita 200 yenye asilimia 12, na mililita 60 za pombe kali yenye asilimia 40 zina kilevi kinacholingana kwa karibu sana. Mwili huhitaji zaidi ya saa mbili kukiondoa kiasi hicho, na wala kahawa wala maji ya baridi hayaharakishi kazi hiyo. Basi anayemimina pombe kali kwa kukadiria, glasi ikajaa nusu, huenda amempa mgeni sawa na bia mbili au zaidi huku akidhani amempa moja. Mwezi Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kusemwa hakina madhara yoyote kwa afya. Hatuandiki haya ili kuifuta furaha, bali ili mtu anywe akijua.

Kuna pia pombe ambayo haistahili kabisa kuingia katika nyumba ya Mkristo: ile isiyojulikana imetoka wapi. Mwezi Mei 2014 makumi ya watu nchini Kenya walipoteza maisha, na wengine wakapofuka, baada ya kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli. Sumu hiyo haitambuliki kwa ulimi wala kwa pua. Kumkaribisha mgeni kwa gongo au kwa chupa ya bei ya kutilia shaka, eti bajeti imebana, ni kuchezea uhai wa mtu aliyetuamini. Ikiwa fedha ni kidogo, chai na maandazi vyatosha kuwa karamu.

Wapendwa, sasa tufike kwenye kiini. Katika sherehe zetu mgeni anayesema "situmii" huulizwa maswali mengi kama vile yuko kizimbani. Anaumwa? Ameokoka? Anatudharau? Hatimaye huletewa soda ya moto bila glasi, huku wenzake wakihudumiwa kwa taratibu zote. Tuangalie Kanisa linavyofanya kwenye altare yenyewe. Sheria ya Kanisa yadai divai halisi ya zabibu kwa ajili ya Misa. Lakini kwa padre asiyeweza kutumia pombe, pengine kwa sababu ya maradhi ya ulevi, askofu aweza kutoa ruhusa ya kutumia mustum, yaani maji ya zabibu ambayo uchachu wake umesimamishwa mapema. Barua ya Idara ya Mafundisho Sadikifu ya tarehe 24 Julai 2003 ilieleza utaratibu huo. Ikiwa katika tendo takatifu kuliko yote Kanisa humtengea nafasi ndugu asiyeweza kunywa, sebule zetu zina udhuru gani?

Tunaye pia Mtumishi wa Mungu Matt Talbot, kibarua wa Dublin nchini Ireland, aliyezaliwa mwaka 1856 na kuanza kunywa akiwa mtoto wa miaka 12 hivi. Mwaka 1884 aliweka ahadi ya kuacha, kwanza kwa miezi mitatu, kisha kwa maisha yake yote. Akaishika hadi alipofariki mwaka 1925. Mwaka 1975 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenyeheshima. Miaka 41 ya kushinda, siku moja baada ya nyingine! Katika kila jumuiya yetu wamo akina Talbot wasiojulikana, waume kwa wake, wanaopigana vita hiyo kimya kimya. Mwenyeji anayesema, "Onja kidogo tu, leo ni sikukuu," haoni anachokivunja. Anayekataa glasi hajamkataa mwenyeji, wala hapaswi kutoa maelezo.

Twapendekeza basi mambo machache ya utekelezaji. Chakula kitangulie pombe, na maji safi yawepo mezani wakati wote. Togwa, maji ya ukwaju, ubuyu au tangawizi viandaliwe mapema, vipozwe, vimiminwe katika glasi zilezile nzuri, na vitajwe kwanza mgeni anapoulizwa atatumia nini. Watoto wasitumwe kununua wala kuhudumia pombe. Anayeendesha gari au bodaboda ajulikane tangu mwanzo na asimiminiwe. Katekisimu, namba 2290, inahesabu kuwa kosa zito kuhatarisha usalama wa wengine barabarani kwa sababu ya ulevi. Aliyekwisha kunywa atafutiwe usafiri au kitanda. Na mwenyeji awe na ujasiri wa kufunga kreti saa ifikapo, hata kama wajomba watanung'unika.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kupona huko ni kwa nyumba nzima: mama asibaki akiosha matapishi usiku, watoto wasiwaogope wageni, na aliyekuja kwetu akiwa mzima arudi kwa mkewe na wanawe akiwa mzima. Furaha inayokumbukwa asubuhi na watu wote bila aibu ndiyo furaha tunayowatakia.

Kwa maombezi ya Mama Maria, aliyeona kilichopungua Kana, Mungu atujalie fadhila ya kiasi na macho ya kumwona kila mgeni. Awabariki nyote, ninyi na meza zenu.