Cheti cha Dawa ya Mtoto Kisiwe Safari ya Kila Mwezi

Leo tunaweka pembeni udi na hina, tuzungumze jambo linalowaliza kina mama wengi kimya kimya: kupata cheti cha dawa kwa mtoto mwenye seli mundu.

Dawa yenyewe ipo, inaitwa haidroksiyurea. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watoto wa Angola, Kongo, Uganda na Kenya. Walipokuwa kwenye dawa hii maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, hata malaria ikawapata kidogo kuliko kabla ya kuianza. Mama aliyewahi kukesha na mtoto anayelia mifupa hahitaji kuelezwa maana yake.

Shida ni karatasi. Duka la dawa linataka cheti, na ni haki yao. Daktari wa kituo cha karibu anasema yeye hawezi kuandika, nenda mjini kwa bingwa. Bingwa ana siku yake ya kliniki. Ukimfikia anataka kipimo cha damu cha karibuni, na siku hiyo maabara hawana vifaa, basi rudi wiki ijayo. Ukijaaliwa kukipata, ni cha mwezi mmoja tu! Mwenzetu wa shamba huondoka alfajiri, mtoto mgongoni, mwengine kamwachia jirani. Wa Pemba anayetumwa Unguja anaongeza nauli ya boti. Wengine huchoka, dawa ikakatika, maumivu yakarudi.

Hatusemi cheti kifutwe, hasha. Dozi hutegemea uzito, na ya kuanzia huwa kiasi cha miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 12 hafiki hata nusu ya kapsuli ya miligramu 500. Tena dawa hii inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, ndiyo maana kipimo ni lazima. Kwa hiyo anayekunong'oneza kwamba atakuuzia bila cheti hakusaidii. Na wewe mwenye mimba, usishike unga wa kapsuli iliyofunguliwa, muulize mfamasia nani aitayarishe na vipi.

Tunachosema ni kwamba bingwa aanzishe, kisha kituo cha karibu kiendeleze kwa maelekezo yake. Dozi ikishatulia, kipimo cha kila miezi 2 au 3 ndicho kinachotumika sehemu nyingi, sasa kwa nini cheti kisiende sambamba nacho? Daktari akiona damu iko sawa aandike ya miezi mitatu, mama apumzike. Hili halihitaji jengo jipya wala mashine. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kutafuta tiba, na sisi tunaitafuta. Mlango tu ndio mzito.

Na kina baba jamani! Matunzo ya mtoto ni juu yenu, dini imelisema wazi, lakini kwenye benchi la kliniki tunaonana wenyewe kwa wenyewe. Siku moja moja mchukue wewe.

Wakati tunasubiri, kila mama awe na daftari. Andika uzito wa mtoto, dozi, tarehe ya kipimo na majibu yake, na siku alizoumwa. Omba cheti kipya wiki moja kabla dawa haijaisha, usingoje kapsuli ya mwisho. Ukikataliwa, uliza kwa adabu sababu na nani mwengine anaweza kukiandika.

Nanyi mabibi harusi watarajiwa, wengi wenu mnapima ukimwi kabla ya ndoa. Ongezeni na kipimo cha seli mundu, wewe na mwenzio. Mkiwa nyote wawili mmebeba vinasaba vyake bila kuumwa, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Ulizeni mapema, kabla kadi hazijachapishwa.